Kipanga, Kilaza na Mmachinga: Majina ya Dhihaka katika Historia ya Elimu Pwani ya Mtwara

Ikisiri
Makala haya yanafuatilia historia ya majina ambayo wanafunzi na wanavyuo wa Tanzania wamewapachika wenzao wa taasisi nyingine, yakiyatazama kutoka Mtwara na pwani ya mlango wa mto Ruvuma, eneo lililopata chuo kikuu kishiriki mwaka 2009. Yanadai kwamba majina kama UPE, Voda Fasta, Kayumba na kilaza yalitokana na sera na uhaba kabla ya kuwa mchezo wa vijana, na kwamba yalipofika kusini yalitua juu ya majina mengine ya zamani zaidi. Neno mmachinga linatumiwa kama kielelezo cha jina lililokwenda njia tofauti.

Utangulizi

Lugha ya mitaani ya Tanzania haijakosa watafiti. Kamusi ndogo ya Ohly (1987) ilikusanya msamiati wa wakati wake, na uchunguzi wa Reuster-Jahn na Kießling (2006) ukaonyesha kwa kina jinsi maneno hayo yanavyoundwa, yanavyozeeka na yanavyobadilishwa. Katika kazi za aina hii msisitizo umekuwa juu ya ubunifu: sitiari, ufupishaji, ukopaji wenye kebehi. Msisitizo huo ni wa haki. Hata hivyo, umeacha pembeni kundi moja la maneno ambalo halielezeki kwa ubunifu peke yake, nalo ni yale yanayopanga shule na vyuo kwa ngazi, na kumpa mtu thamani kwa kutaja mahali aliposomea.

Maneno mengi ya chuoni hayana mwenyewe. Sapu, yaani mtihani wa marudio, humpata mwanachuo wa Dar es Salaam kama anavyompata wa Mwanza. Kudisko, kwa maana ya kuondolewa chuoni kwa kufeli, ni msiba usiochagua. Bumu, fedha ya kujikimu itokanayo na Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005, hushangiliwa kila mahali. (Mtwara ni miongoni mwa miji michache ambamo mwenye duka anaweza kupanga mwaka wake kwa misimu miwili ya fedha: minada ya korosho na bumu.) Maneno haya hueleza hali inayowapata wanafunzi wote. Kilaza, Kayumba na Voda Fasta ni ya namna nyingine. Hayo hueleza mtu, na kila mara humweleza mtu ambaye si msemaji mwenyewe.

Kusini mwa Tanzania ni mahali pazuri pa kuyachunguza kwa sababu hayakuzaliwa huko. Yaliletwa na walimu waliopangiwa kazi, na wanafunzi waliorudi likizo, na redio. Yaliposhuka Mtwara yalikuta nafasi imekwisha kuandaliwa.

Majina yaliyotangulia vyuo

Watu wa pwani hii walikwisha kupangwa kwa majina muda mrefu kabla ya kuwapo mwanachuo hata mmoja. Mikindani, bandari ya zamani ambako Livingstone alipitia mwaka 1866 akielekea bara katika safari yake ya mwisho, ilikuwa na waungwana wake waliojiita Waswahili. Kandokando yao walikaa Wamaraba, yaani Wamakonde wa pwani, wengi wao Waislamu, wenye lahaja yao ya Chimaraba. Juu, kwenye uwanda wa Newala na Tandahimba, walikuwapo Wamakonde wasemao Chinnima, lahaja ambayo sarufi yake imeandikwa na Kraal (2005). Ng'ambo ya Ruvuma walikuwapo wale walioitwa Wamawia au Wamaviha, ambao wengi walivuka kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Kadiri mtu alivyotoka mbali na bahari ndivyo jina lake lilivyobeba maana nzito zaidi ya ushamba na ukali. Nembo za usoni na ndonya ya mdomo wa juu, ambazo Weule alizieleza kwa shauku baada ya safari yake ya mwaka 1906, ziligeuka kuwa alama ya kumtambua Mmawia hata na mtu asiyemjua.

Ni muhimu kuutenganisha mpangilio huu na utani. Stephen Lucas alipokusanya maelezo ya utani katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, jambo moja lilijitokeza wazi: utani ni mkataba wa pande mbili. Mtani hukutukana na kukunyang'anya, nawe humtukana na kumnyang'anya, na msiba ukifika ndiye anayeshika jembe la kaburi. Dhihaka ya Mswahili wa Mikindani kwa Mmawia haikuwa na upande wa pili wa namna hiyo. Nadhani kosa linalofanywa mara nyingi na wanaotetea lugha ya dhihaka vyuoni, wakisema kwamba huu ni utani tu, liko hapa. Umbo la utani limechukuliwa, wajibu wake ukaachwa.

Jina Mmawia lenyewe lilibadilishwa na vita kuliko lilivyobadilishwa na shule. FRELIMO ilipoanza mapambano ya silaha tarehe 25 Septemba 1964, Wamakonde wa ng'ambo ndio waliokuwa karibu zaidi na mstari wa mbele, na mto Ruvuma ukawa njia ya wapiganaji na wakimbizi. Kuanzia hapo mtu aliyekuwa kibarua wa mkonge aliweza kutambulishwa kama mpigania uhuru. Lakini vita hivyo hivyo vilileta mgogoro unaohusu moja kwa moja mada yetu. Mwaka 1968 Taasisi ya Msumbiji jijini Dar es Salaam, shule ya sekondari ya FRELIMO, ilikumbwa na ghasia na kufungwa. Swali lililowagawa watu lilikuwa kama mwanafunzi ana haki ya kuendelea na masomo wakati mwenzake asiyesoma yuko porini na bunduki. Humo mna sura mbili zinazojulikana hadi leo: msomi anayedhaniwa kuwa mwoga, na mtu wa bara anayedhaniwa kuwa hana la kufikiri ila kupigana.

Msomi ni yule aliyeondoka

Si kweli kwamba kusini hakukuwa na shule. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876 na kundi la watumwa walioachiwa huru, na vijana wake waliendelea na masomo Kiungani, Unguja. Wabenediktini walijenga Ndanda mwaka 1906, mwaka mmoja baada ya misheni yao ya Lukuledi kuchomwa katika vita vya Maji Maji. Kilichokosekana ni ngazi ya juu. Mwanafunzi bora wa kusini alikuwa mwanafunzi asiyeonekana tena kusini. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, alipita Ndanda, Kigonsera na Pugu, kisha akahitimu Makerere mwaka 1962. Njia yake ilikuwa ya kupanda na kuondoka kwa wakati mmoja.

Kiswahili cha wasomi kiliipa njia hiyo picha ya mwinuko. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na wanne. Kilipohamia vilima vya Ubungo mwaka 1964, kikaitwa Mlimani. Hakuna chuo kingine nchini kilichopata jina la mahali likatosha kabisa kumaanisha elimu ya juu. Kusema fulani yuko Mlimani hakukuhitaji ufafanuzi, na vyuo vilivyofuata vilijikuta, bila kosa lao, vikiwa bondeni. Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Rais Nyerere akawafukuza karibu mia nne, picha hiyo hiyo iligeuzwa dhidi yao: walio juu hawawaoni walio chini.

Kwa Mtwara, umbali huo ulikuwa wa kimwili pia. Bandari yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947 na kushindwa; reli iliyoelekea Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hadi Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, msafiri wa Dar es Salaam alitegemea kivuko cha Rufiji, na masika yakizidi barabara ilifungika. Watafiti walioandika katika kitabu kilichohaririwa na Seppälä na Koda (1998) walieleza jinsi kusini kulivyofanywa kuwa pembezoni, na neno kufanywa ndilo lenye uzito. Wakati huo huo, mgawo wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa, uliotumika miaka ya 1970 na 1980 ili kupunguza pengo kati ya mikoa, ulizaa shaka isiyosemwa waziwazi juu ya kila mtoto wa kusini aliyefaulu: je, amepita kwa alama zake au kwa mkoa wake? Sera iliyokusudiwa kusawazisha iliacha nyuma yake msamiati wa kutosawazisha.

Kutoka UPE hadi Voda Fasta

Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe kufikia mwaka 1977. Walimu hawakutosha, hivyo wahitimu wa darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Mpango uliitwa kwa ufupisho wa Kiingereza, UPE, na punde ufupisho huo ukawa sifa ya mtu. Mwalimu wa UPE alikuwa mwalimu mwenye kasoro, na baadaye UPE peke yake, bila neno mwalimu, ilitosha kuwa tusi. Kisarufi hili ni jambo la kuvutia: jina la mpango wa serikali, lisilo na kiambishi cha ngeli ya watu, linachukua upatanisho wa watu. Huyu ni UPE. Hawa ni UPE.

Miaka thelathini baadaye historia ilijirudia kwa ngazi moja juu zaidi. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulidai kila kata iwe na shule yake. Majengo yalipanda haraka kuliko walimu. Wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya wiki chache na leseni ya kufundisha, na mtaa haukukawia kuwabatiza: walimu wa Voda Fasta, kwa jina la huduma ya simu iliyowezesha kununua muda wa maongezi kwa haraka na kidogo kidogo. Ukali wa jina hili uko katika usahihi wake. Kilichonunuliwa kilikuwa kidogo, kilipatikana upesi, na kiliisha muda wake.

Shule zenyewe nazo hazikusalimika. Neno kata, ambalo kiutawala halina ubaya wowote, likawa kipimo cha umaskini wa shule. Na kwa shule za msingi za serikali likazuka jina la Kayumba, mara nyingi Mtakatifu Kayumba au St. Kayumba. Hapa pana kebehi yenye ncha mbili. Jina linawacheka watoto wa shule za serikali kwa kuwavisha utakatifu wa shule binafsi zilizojaa majina ya watakatifu, lakini pia linazicheka shule hizo binafsi, kwamba utakatifu ubaoni hununuliwa kwa ada. Nimeona watu wazima waliosoma shule hizo wakijitaja kwa majivuno kuwa ni zao la Kayumba. Sijapata kuona mtu akijitaja hivyo kwa Voda Fasta. Tofauti hiyo inatokana na jambo rahisi: Kayumba ni wengi, na wengi wakikubali jina, jina hulainika.

Katika mkoa kama Mtwara, ambako familia zilizoweza kulipa ada za shule binafsi zilikuwa chache na kata nyingi hazikuwahi kuwa na sekondari kabla ya mpango huo, maneno haya hayakumtenga jirani na jirani. Yalimtenga mkoa na mkoa. Mtoto wa Msimbati au Kitaya hakuwa na shule nyingine ya kulinganishia. Alijua kwamba shule yake ina jina la dhihaka alipokutana na wenzake wa mikoa mingine, kwa kawaida katika kidato cha tano au chuoni.

Mmachinga alivyopoteza kiambishi chake

Wamachinga ni watu wa mkoa wa Lindi, majirani wa Wamwera na Wamakonde. Jina hilo pia ni la tawi moja la Wayao, kama linavyoshuhudiwa na wilaya ya Machinga nchini Malawi. Katika miaka ya 1980 na 1990, vijana wa Lindi na Mtwara walikwenda Dar es Salaam kwa wingi kuuza bidhaa mkononi. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilikuwa imewatia hofu wote wasio na kazi rasmi mjini, na msako ulimwangukia kirahisi mchuuzi anayetembea. Mjini hakuna aliyekuwa na haja ya kumtofautisha Mmachinga na Mmwera, wala Mmakonde na Mmakua. Wote wakawa Wamachinga. Liviga na Mekacha (1998) walipochunguza uhamaji wao, jina lilikuwa tayari linataja kazi.

Sarufi ndiyo shahidi bora wa mabadiliko haya. Kwanza lilikuwapo Mmachinga/Wamachinga, lenye herufi kubwa na viambishi vya kabila. Kisha likaja mmachinga/wamachinga kwa herufi ndogo. Kisha kiambishi cha umoja kikadondoka: machinga huyu, machinga hawa, na wengine wamamachinga. Hatimaye likazaliwa umachinga, nomino dhahania ya biashara, kama uvuvi au ufundi. Wapo wanaosisitiza kwamba neno limetokana na Kiingereza, kwa maana ya vijana watembeao kwa hatua. Etimolojia hiyo ya mtaani haina msingi, ila ina thamani ya kihistoria: inaonyesha kwamba kumbukumbu ya kabila ilikwisha kufutika kiasi cha watu kutafuta asili nyingine. Soko kubwa la Ilala lilipojengwa, likaitwa Machinga Complex. Desemba 2018 serikali ilianza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na watu wakaviita vitambulisho vya machinga, kutoka Kagera hadi Mtwara. Kwa hiyo jina la watu wa kusini lilitoka kuwa dhihaka ya mjini, likarudi kusini likiwa jina la kazi ambayo Mmakonde, Mchaga na Msukuma wanaweza kuifanya.

Je, kwa nini Mmachinga alisafishwa na mwalimu wa Voda Fasta asisafishwe? Jibu langu ni kwamba jina la kazi linaweza kuenea bila kumhitaji mtu wa chini. Machinga wakiongezeka, jina linapata nguvu. Majina ya vyuo hayaenei hivyo, kwa sababu kazi yake yote ni kupanga ngazi; yakimhusu kila mtu yanakufa.

Kipanga na kilaza

Jozi inayoonyesha hili vizuri zaidi ni kipanga na kilaza. Kipanga, ndege wa mawindo, ni mwanafunzi mwenye akili. Kilaza ni mzito wa kuelewa. Yote mawili yana umbo la ngeli ya KI-VI, na yote mawili huchukua upatanisho wa viumbe hai: kipanga yule, vilaza hawa. Lakini kipanga ni jina la mnyama lililoazimwa, na kiambishi chake hakidunishi mtu. Katika kilaza, ki- inafanya kazi ile ile inayoifanya katika kijitu. Kama neno linahusiana na laza, kama umbo lake linavyodokeza, basi jozi nzima inarudi kwenye picha ile ile ya Mlimani: mmoja yuko juu angani, mwingine amelala chini.

Kwa muda mrefu kilaza alikuwa mtu mmoja darasani. Mwaka 2016 alikuwa chuo. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliamriwa kuondoka chuoni kwa muda wa saa 24, baada ya walimu wao kugoma kuhusu malipo. Siku chache baadaye Rais Magufuli, akihutubia Mlimani kwenye uwekaji wa jiwe la msingi la maktaba mpya, aliwataja wanafunzi hao kuwa ni vilaza. Neno la mabwenini likaingia katika hotuba ya mkuu wa nchi, tena likitamkwa katika chuo kimoja kuhusu wanafunzi wa chuo kingine.

Mahali lilipotamkiwa si jambo dogo. Mlimani ilikuwa na zaidi ya nusu karne ya kuwa kipimo. Dodoma ilianzishwa mwaka 2007, ikapokea maelfu kwa haraka. Mabishano ya wanafunzi juu ya nani kachaguliwa kwa alama gani yalikuwapo kabla. Baada ya Juni 2016 yalikuwa na muhuri. Kilichosahaulika katika kelele hizo ni chanzo cha kozi yenyewe: ilianzishwa kwa sababu shule za kata hazikuwa na walimu wa hisabati na sayansi. Kwa maneno mengine, ni uhaba ule ule uliozaa mwalimu wa UPE na mwalimu wa Voda Fasta, na kwa mara ya tatu jina la dhihaka lilimwangukia aliyeitwa kuuziba.

Ni ndani ya hali hii ndipo Mtwara ilipopata chuo chake. Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, kilianza mwaka 2009, na ualimu ukawa miongoni mwa masomo yake makuu. Kwa wazungumzaji wengi kilibaki na jina la kifupi, STEMMUCO, moja kati ya safu ya majina ya vyuo vishiriki yaishiayo kwa -UCO, ambayo masikio ya watu wa Mlimani huyasikia kama ya familia moja isiyostahili kutofautishwa. Miaka minne baadaye mji ulikumbwa na ghasia za Januari na Mei 2013 kuhusu gesi ya Mnazi Bay kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Jibu lililorudiwa mara nyingi kwa waandamanaji lilikuwa kwamba wananchi hawakuelewa, na kwamba walipaswa kuelimishwa. Kitenzi elimisha, katika kauli ya kutendwa, kilifanya kazi ya kilaza kwa adabu zaidi: hoja ya mgawanyo wa mali iligeuzwa kuwa upungufu wa akili wa watu wa mkoa mmoja, mkoa ambao wakati huo ulikuwa na chuo kikuu kishiriki na vyuo vya ualimu ndani ya mipaka yake.

Mnamo Julai 2016 serikali ilitangaza uamuzi wake kuhusu wanafunzi wa Dodoma. Wachache waliruhusiwa kurudi chuoni hapo, na wengi walipangiwa vyuo vya ualimu vya serikali, vile ambavyo kwa miongo minne vilikuwa vikituma walimu katika shule zilizobeba majina tuliyoyajadili.